Mpeleke mgeni wa Garsen Ukumbi wa Taifa

Kila likizo ya shule inapokaribia, simu huanza kulia katika nyumba za mjini. Shangazi yuko Garsen anauliza kama kijana wake anaweza kuja kukaa nanyi majuma mawili Nairobi. Mjomba wa Hola anataka bintiye aujue mji mkuu kabla hajaingia kidato cha tatu. Nawe msomaji, kwa kuwa wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, unakubali. Swali gumu ni lile linalofuata: mgeni huyu utampeleka wapi?

Aghalabu jibu huwa ni duka kubwa lenye ngazi za umeme, sahani ya chipsi na kuku, na picha mbili tatu mbele ya jumba la KICC. Si vibaya. Lakini mtoto akirudi Tana River na hayo tu, atakuwa ameuona mji kama mpita njia anavyouona ua wa tajiri, yaani kwa kuchungulia. Juma hili nakushauri umpeleke mahali ambapo ana haki ya kuingia kwa mlango wa mbele. Mpeleke ukumbi wa kitaifa wa maigizo, ule ambao wengi wanaujua kwa jina la Kenya National Theatre, na umpangie kutembezwa ndani yake na mwenyeji anayeujua.

Huenda vijana wako wakaguna. Ukiwatajia ukumbi wenye sifa, wao watakutajia Dolby Theatre wa Hollywood, kule Marekani, ambako Lupita Nyong'o alipokea tuzo ya Oscar mwezi Machi 2014. Ukumbi ule ulifunguliwa mwaka 2001 ukiitwa Kodak Theatre, una viti zaidi ya elfu tatu, na wageni hulipa ili watembezwe ndani yake. Ni kweli, unapendeza. Lakini wakumbushe kwamba Lupita hakuanzia huko. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alimwigiza Juliet katika mchezo wa Shakespeare uliochezwa na kundi la Phoenix Players papa hapa Nairobi. Njia ya kwenda kwenye tuzo za ng'ambo ilipita kwenye jukwaa la nyumbani.

Ukumbi wetu ni mdogo ukilinganishwa na ule wa Hollywood. Uko katika barabara ya Harry Thuku, unatazamana na hoteli ya Norfolk, na Chuo Kikuu cha Nairobi kiko jirani. Tuzo za wasanii wa jukwaa zimewahi kutolewa humo, wanafunzi wa miaka mingi wameigiza humo, na makundi ya maigizo huwachezea wanafunzi wa sekondari vitabu vinavyotahiniwa. Mtu anaweza kufika kwa miguu kutoka katikati ya mji.

Kwa nini huyu wa Garsen?

Mueleze mgeni wako mambo mawili kabla hamjaondoka nyumbani, na watoto wako wayasikie pia.

La kwanza ni wimbo. Mwaka 1963, uhuru ulipokuwa unabisha hodi, wanamuziki watano walipewa kazi ya kuunda wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoichagua haikutoka kanisani wala katika gwaride la askari. Ilitoka Tana River, katika wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliutumia kumbembeleza mtoto. Mzee Meza Galana wa huko ndiye anayetajwa kuwa aliwaimbia wimbo huo. Naftali Temu aliposhinda mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968 na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza katika Olimpiki, sauti iliyopigwa wakati wa kupokea medali ilikuwa ile ya mama aliyekaa kando ya mto na mtoto mapajani. Fikiria tuzo zote ambazo Wakenya wamepokea tangu siku hiyo huku wimbo huo ukipigwa.

La pili ni chungu zaidi. Ukumbi wa taifa ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Wakati watu waliovaa suti na magauni marefu walipokuwa wakiingia humo kutazama michezo ya Kiingereza, maelfu ya Wakenya walikuwa wakitiwa kambini. Moja ya kambi hizo ilikuwa Hola, juu ya mto ukitoka Garsen. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliokataa kulazimishwa kufanya kazi walipigwa huko mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Uongo huo ulifichuka, na kelele zilizofuata zilifika hadi bunge la Uingereza.

Sasa yaunganishe mambo hayo. Uhuru ulipatikana, lakini kwa miaka mingi ratiba ya ukumbi wa taifa iliendelea kujaa michezo ya wageni. Mwezi Oktoba 1976, makundi ya Wakenya yaliyokuwa yakijiandaa kwa tamasha kubwa la utamaduni wa watu weusi mjini Lagos yalitaka kucheza michezo miwili: The Trial of Dedan Kimathi wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Iliwabidi wasukumane na wasimamizi ili wapate nafasi katika ukumbi uliobeba jina la nchi yao, na mwishowe walipewa siku chache tu. Watu walifurika. Mchezo wa Kimathi baadaye ulitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi. Ngugi na Micere sasa ni marehemu. Micere alifariki mwaka 2023 na Ngugi mwaka 2025. Waliyoyapigania yamebaki, na ukumbi huo ulifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2015.

Kwa hiyo mtoto wa Tana River anapoingia humo, anaingia mahali ambapo watu wa kwao tayari wana sehemu yao, kwa wimbo na kwa damu. Ni sisi wa mjini ambao tumesahau kumwambia.

Chagua wakati

Haya basi, tupange. Likizo zetu ni tatu: ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Ya Aprili huangukia mvua za masika, na ya mwisho wa mwaka huanza wakati wa mvua za vuli. Kwa msafiri wa Garsen, ya Agosti ndiyo yenye usalama zaidi.

Wala usihadaike na anga jeupe la Garsen. Maji ya Tana yanatoka mbali, katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Mvua ikinyesha sana huko juu na mabwawa yakijaa, mto huvunja kingo zake hata kama Garsen hakujanyesha tone. Mwisho wa mwaka 2023, na tena katika masika ya 2024, mafuriko yaliikata barabara karibu na Madogo, ng'ambo ya mji wa Garissa. Mwezi Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu katika sehemu iliyofurika ilipinduka, na watu wakafa maji. Mwambie shangazi waziwazi: barabara ikikatika, mtoto asivushwe kwa mashua ya kubahatisha eti kwa sababu nauli imekwisha kulipwa. Ziara inaweza kuahirishwa.

Chagua njia

Njia ni mbili. Moja hupanda na mto kupitia Hola hadi Garissa, kisha Mwingi na Thika hadi Nairobi. Nyingine hushuka kwenda Malindi na Mombasa, na kutoka huko msafiri hupanda basi au gari la moshi la reli mpya lililoanza kubeba abiria mwaka 2017.

Kwa mtoto anayesafiri mara ya kwanza, ningependelea ya pili, ingawa ina mzunguko. Anaweza kulala kwa jamaa Malindi au Mombasa, akapumzika, na safari ya gari la moshi kuvuka mbuga ya Tsavo ni somo la jiografia lisilohitaji mwalimu. Ila kumbuka mambo matatu. Kwanza, tikiti za likizo huisha mapema, kwa hiyo mtu wa mjini azinunue yeye kwa simu, na majina yalingane na vitambulisho. Pili, kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya mji, na kile cha Nairobi kiko karibu na Syokimau. Weka akiba ya nauli na ya saa moja au mbili kila upande. Tatu, safari ya kutoka Garsen iwe ya mchana.

Mtoto asisafiri peke yake. Kama hakuna mtu mzima wa kumleta, tafuta mwalimu, au jamaa anayekuja mjini kwa shughuli zake, na umlipie sehemu ya nauli. Mtoto awe na karatasi mfukoni yenye majina na nambari za simu za watu wawili, kwa sababu simu huisha moto na vilevile huibwa.

Andika barua mapema

Wengi wetu hufika mahali pa umma tukiwa kundi la watu tisa, tukagonga lango, kisha tukakasirika tunapoambiwa turudi kesho. Ukumbi wa maigizo si jumba la makumbusho linalokaa wazi kila siku likisubiri watazamaji. Ni karakana. Leo mafundi wanapigilia mbao za mandhari, kesho kuna mazoezi, kesho kutwa kuna onyesho. Ukumbi wowote wenye hafla kubwa hufungia wageni siku zinazotangulia hafla hiyo, na hata ule wa Hollywood hufanya hivyo tuzo zinapokaribia.

Kwa hiyo andika barua majuma matatu au manne kabla, kwa ofisi ya Kenya Cultural Centre, ambayo ndiyo inayousimamia ukumbi. Barua iwe fupi. Taja mko wangapi na watoto wana umri gani. Taja siku mbili au tatu zinazowafaa, na uombe asubuhi ya katikati ya juma, wakati ambapo ukumbi aghalabu huwa na utulivu kuliko siku za maonyesho. Omba mtu wa kuwatembeza, na useme kwamba mngependa maelezo yawe kwa Kiswahili. Kama kuna nyanya asiyeweza kupanda ngazi, au mtoto wa kiti cha magurudumu, litaje hilo mapema. Uliza pia ada ni kiasi gani na kama kupiga picha kunaruhusiwa. Kisha piga simu baada ya juma moja kuuliza kama barua ilisomwa.

Nanyi wanafunzi, msimwachie baba kazi hii. Barua ya kuomba ruhusa ni insha mnayofundishwa darasani kila mwaka. Hapa pana nafasi ya kuiandika kwa mtu halisi atakayeijibu.

Hesabu ya fedha

Keti na karatasi. Andika nauli ya mgeni ya kuja na kurudi. Ongeza nauli ya familia ya kwenda mjini siku hiyo, ada ya ukumbi, chakula cha mchana, na tikiti za kutazama mchezo kama mtapata unaofaa watoto. Baada ya hapo tenga fungu la dharura, nalo lisiguswe kununulia aiskrimu.

Ukiona jumla inakutisha, punguza chakula na usipunguze watu. Chapati na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani vinashibisha kama vya hotelini. Wala usimwombe shangazi achangie sawa nawe. Huenda mwaka huu mto umechukua ndizi zake, au ukame umemaliza ng'ombe wake. Mwache alete maembe.

Siku yenyewe

Fikeni nusu saa kabla. Tumieni muda huo nje, maana hata barabara ina habari zake. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku aachiliwe, na polisi wakaufyatulia risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mgeni wako ameyasoma hayo katika kitabu cha historia. Sasa anasimama mahali penyewe.

Ndani, mwombeni mwenyeji awaonyeshe zaidi ya viti. Ombeni kupita nyuma ya pazia. Watoto waone pembe za jukwaa ambako mwigizaji husubiri zamu yake, vyumba vya kubadilishia maleba, taa zilizoning'inia juu, na mahali anapokaa fundi wa taa na sauti. Waambieni mapema wasivute kamba yoyote wala kugusa taa. Taa za jukwaani huchoma, na kamba moja inaweza kuangusha kitu kizito kichwani mwa mtu.

Kila mtoto awe na maswali mawili aliyoyaandika. Nakupa mfano wa machache. Nani huamua mchezo upi uchezwe hapa? Kundi la shule kutoka mbali linaweza kupataje nafasi? Mwigizaji akisahau maneno hufanya nini? Mtu anayetaka kuwa fundi wa taa anasomea wapi? Swali hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu watoto wengi hudhani kazi ya sanaa ni ya yule anayeonekana tu. Jukwaa moja linalisha seremala, mshona nguo, fundi wa umeme, karani wa tikiti na mwandishi.

Onyo kwa wenyeji

Kuna jambo linaloweza kuharibu ziara hii hata kama nauli, barua na hali ya hewa vyote viko sawa. Ni kicheko. Watoto wetu wa mjini ni hodari wa kucheka lafudhi ya mgeni. Mgeni akicheka nao siku ya kwanza, ujue siku ya pili atanyamaza, na kuanzia hapo utamwonyesha mji mtu asiyeuliza tena swali lolote. Waeleze kwamba Kipokomo na Kiswahili ni lugha ndugu, na wataalamu huziweka katika kundi moja pamoja na lugha za Wamijikenda. Anachokicheka mtoto wako ni sauti ya jamaa yake.

Vilevile usidhani kila anayetoka Garsen ni Mpokomo. Mji ule una Waorma, Wawardei, Wagiriama na wengine wengi. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 katika delta ya Tana. Mtoto aliye sekondari leo alizaliwa karibu na wakati huo, na huenda nyumbani kwao kuna jina ambalo halitajwi. Usimhoji juu ya vita hivyo mezani mbele ya watu. Akitaka kuzungumza, atachagua mwenyewe wa kumwambia, na pengine atamchagua mtoto wako akiwa upande wa pili wa kitanda usiku. Kama mgeni wako ni Muorma, mwambie habari ya wimbo wa taifa vilevile. Ni wimbo wa Wapokomo, ulizaliwa kando ya mto ambao yeye pia ameunywa maji yake, na sasa ni wa kila Mkenya.

Kabla hamjatoka

Mwenyeji akiruhusu, fanyeni jaribio moja. Mtoto mmoja asimame katikati ya jukwaa, na wengine wote waende safu ya mwisho ya viti. Aliye jukwaani aseme jina lake na la kijiji chake bila kipaza sauti, kwa sauti ya kawaida. Walio nyuma wainue mkono wakisikia. Kila mmoja apate zamu yake, hata mama, hata nyanya. Mtaona jinsi mtu mwenye aibu anavyojifunza kwa dakika tano kuipeleka sauti yake mbali bila kupiga kelele.

Zamu ya mgeni wa Garsen ikifika, muulize kama nyumbani kwao kuna anayeujua ule wimbo wa kumbembelezea mtoto. Kama anaujua yeye mwenyewe, mwombe auimbe, na msiudakie kwa maneno ya wimbo wa taifa. Mwacheni aumalize. Kama haujui, mpe kazi ya kwenda nayo: akifika Garsen amtafute bibi anayeujua, aandike maneno yake katika daftari pamoja na maana yake kwa Kiswahili, kisha awatumieni nakala. Likizo ijayo mtakuwa na sababu ya kupanga safari ya upande wa pili, ninyi mshuke Tana River, yeye awe mwenyeji.

Hadi juma lijalo, nakutakia likizo njema.